Nilikuwa Namkimbilia Nani?

Bwana Mhariri, mwaka jana uliniomba niandike habari za mbio za nyika, kwa kuwa mimi ndimi niliyeshika nafasi ya kwanza. Nilikuahidi, kisha nikakaa kimya, nawe ukadhani nimekuwa mvivu. Sikuwa mvivu. Nilianza kuandika mara mbili, na kila nilipofika mahali pa kueleza jinsi mwenzangu wa kidato cha pili alivyofika, kalamu iligoma. Sasa nimepata nguvu ya kuyaandika yote, nami nawaomba wasomaji, hasa wazazi wetu, wanivumilie, maana habari yenyewe si ya kujisifu.

Kwanza niwakumbushe hali ilivyokuwa. Mwezi wa Septemba 2025 Alphonce Simbu, mtu wa Singida, alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walifika karibu pamoja, wote wakaandikiwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, hata ikabidi itazamwe picha ndipo ijulikane nani katangulia. Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Habari hii ilipotangazwa mstarini tulipiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Jioni ile uwanja ulijaa wakimbiaji, hata wale ambao tangu kidato cha kwanza hatujawaona wakikimbia ila kengele ya ugali inapolia.

Mashindano yetu ya shule jirani yalikuwa mwezi uliofuata. Kwa faida ya wazazi wasioyajua, mbio za nyika za shule hazishindwi na mtu mmoja. Kila shule hutoa wakimbiaji wanne, na nafasi zao hujumlishwa. Shule yenye jumla ndogo ndiyo huchukua kombe. Kwa hiyo wa nne ana thamani sawa na wa kwanza, na pengine zaidi.

Mimi nilikuwa nahodha. Wa nne wetu alikuwa kijana mdogo wa kidato cha pili, mwembamba, mtoto wa mjane kutoka upande wa Kishapu. Mapafu alikuwa nayo, na miguu pia, lakini hakujua kugawa nguvu zake. Akiachwa peke yake hukimbia kama mbuzi aliyekatikiwa na kamba, kisha huishiwa. Basi Mwalimu wetu wa michezo aliniita akaniambia maneno machache: "Nahodha, usimwache huyu mpaka mvuke korongo. Mvute pole pole. Baada ya hapo kila mtu na mbio zake." Nikaitika, "Ndiyo, Mwalimu."

Usiku wa kuamkia mashindano tulikuwa na sala za UKWATA. Mimi ndimi niliyeombwa kufunga kwa sala, nikasali kwa sauti kubwa, nikamwomba Mungu atukuzwe kwa ushindi wetu. Nakumbuka nilipokuwa nikisema "wetu" moyoni nilijiona mimi peke yangu nimebeba kombe. Bwenini vijana wawili walinishauri nivae hirizi kiunoni, nikawakemea kwa Maandiko, nikajiona shujaa wa imani.

Hapa nitatoka nje ya njia kidogo. Sisi Wasukuma mashindano si jambo geni. Babu yangu alikuwa Mgalu. Bagalu na Bagika ni vyama viwili vya ngoma ambavyo vimeshindana tangu karne ya 19. Kila upande huanza ngoma yake kwa wakati mmoja, na upande unaokusanya watazamaji wengi ndio umeshinda. Hakuna mwamuzi ila macho ya watu. Ndiyo maana dawa za kuvutia watu zilitafutwa sana, na waganga walipata heshima. Padre David Clement wa Bujora, kule Kisesa, hakuzipiga marufuku ngoma zile. Alizipa nafasi katika sikukuu ya Ekaristi, ile inayoitwa Bulabo, na mpaka leo huchezwa. Babu alikuwa akisema kwamba mchezaji aliyekwisha kuonja umati hawezi tena kucheza nyumbani kwake peke yake. Mimi nilicheka nilipoisikia. Niliikataa hirizi, ni kweli, lakini kile ambacho hirizi ingeniletea nilikitaka vile vile.

Siku ya mashindano jua lilikuwa la Shinyanga. Njia yetu ilikuwa kilometa 8, kupita mashamba yaliyokwisha vunwa, kando ya ngitili ya kijiji, kushuka korongo lenye mchanga na kupanda upande wa pili penye mawe. Nilikuwa nimesoma habari za Filbert Bayi, kwamba tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hata mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nikaona nami niongoze tangu mwanzo. Filimbi ilipolia niliondoka kama mtu aliyeitwa nyumbani. Yule kijana, kwa kuwa alikwisha ambiwa asiachane na mimi, akanifuata.

Nilimsikia nyuma yangu. Hili ndilo neno lililonizuia kuandika. Nilisikia pumzi zake zimeanza kukatika tukiwa bado kilometa ya tatu, nikajua kwamba nikipunguza kidogo atapona, nikajua pia kwamba kijana mmoja wa shule nyingine yuko nyuma yetu hatua ishirini hivi. Sikupunguza. Nilipovuka korongo sikusikia tena kitu nyuma yangu.

Nilifika wa kwanza. Mwalimu mmoja alikuwa akipiga picha kwa simu, nami nilipomwona nikapiga magoti penye chokaa, nikainua mikono miwili mbinguni. Picha ile mmeiona, ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Waliotazama walisema, "Tazameni kijana wa sala." Ukweli ni kwamba nilipiga magoti baada ya kuiona simu.

Wenzangu wawili walishika nafasi ya tano na ya sita. Yule kijana alitapika chini ya mgunga, akakaa, akainuka, akatembea njia iliyobaki, akafika wa thelathini na moja. Jumla yetu ikawa 43. Shule iliyochukua kombe ilikuwa na 29. Mimi si hodari wa hesabu, lakini hesabu hii naijua: kama angeshika hata nafasi ya kumi na tano kombe lingekuwa letu, na katika mazoezi hakuwa akikosa kunikaribia.

Kabla ya mbio nilimpa sweta langu alitunze pamoja na lake, kama ilivyo desturi ya wakubwa na wadogo hapa shuleni. Alipofika, midomo ikiwa myeupe, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda penye mti tulipoacha vitu, akalichukua sweta langu, akalikunja, akaniletea. Akasema, "Hongera, kaka."

Jumatatu mstarini nilisimama mbele nikingoja kutajwa. Nilitajwa, nikapigiwa makofi. Kisha Mwalimu wa michezo akaanza kuzungumza juu ya John Stephen Akhwari wa Mbulu. Alieleza jinsi mwaka 1968, katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, Akhwari alivyoanguka njiani akaumia goti na bega, na jinsi alivyoendelea. Waliofika walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kufika zaidi ya saa moja kabla yake, na giza lilikuwa limeingia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze tu mbio, ilimtuma azimalize. Baada ya kusema hayo Mwalimu akamwita yule kijana wa kidato cha pili apite mbele, na shule ikapiga makofi kuliko yale yangu.

Ndugu wasomaji, mnajua nilijisikiaje? Nilikasirika. Nilijiambia, "Mimi wa kwanza, yeye wa thelathini na moja, nani mshindi?" Jioni ile sikwenda sala. Hapo ndipo nilipoanza kuona, kwa mbali, kama mtu aonavyo moshi kabla ya kuona moto. Kama nilikuwa nimekimbia kwa ajili ya Mungu, makofi ya mtu mwingine yangenipunguzia nini?

Likizo ya Desemba nilikwenda kwa mjomba, upande wa Geita, karibu na Nyarugusu. Mjomba ni mchimbaji mdogo. Mwenye miaka chini ya 18 haruhusiwi kisheria kufanya kazi za hatari migodini, na mjomba, ingawa ana maneno makali, hilo alilishika: hakuniruhusu hata kukaribia mdomo wa duara wala kugusa zebaki. Nilipewa kibanda, meza na daftari. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wanaoshuka na ya wanaopanda, na kuhesabu viroba vya mawe vinavyotoka, kwa sababu viroba hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, na hesabu ikikosewa ugomvi huanza pale pale kabla mawe hayajafika kwenye karasha.

Jirani na kibanda changu alifanya kazi mzee mmoja fundi wa matimba. Matimba ni magogo yanayofungwa ndani ya duara ili kuta zisiporomoke. Kazi hii haionekani. Dhahabu ikipatikana watu humsifu mwenye duara, humsifu mchimbaji aliyeukuta mwamba, hata mganga hupata sifa. Sikusikia hata siku moja mtu akimsifu fundi wa matimba. Yeye huchonga magogo juu, huyashusha, huyafunga gizani kwa mwanga wa tochi ya kichwani, kisha hupanda na kuchonga mengine. Hulipwa kwa kila fremu aliyoifunga.

Siku moja, mvua zikiwa zimeanza, lililetwa gogo ambalo upande mmoja lilikuwa limeliwa na wadudu. Kwa nje lilipendeza. Mzee aliligonga kwa kisigino cha shoka, akasikiliza, akaligonga tena. Mwenye duara alikuwa na haraka, maana maji ya mvua yangeweza kuzuia kazi wakati wo wote. Akasema, "Mzee, lile bovu ligeuze liangalie ukuta. Nani ataliona kule?"

Mzee hakujibu. Alilikata gogo lile vipande vitatu, akavitupa penye kuni za mama lishe. Siku ile alifunga fremu moja pungufu, na malipo yake yakapungua.

Mwenye duara alipoondoka nikamwuliza, "Babu, si ungeliweka kando tu? Kwa nini umelikata?"

"Ningeliweka kando wangelishusha kesho nikiwa sipo."

"Lakini lawama isingekuwa yako."

Alinitazama kidogo. "Mjukuu wangu, wewe ndiwe unayeandika wanaoshuka?"

"Ndiyo, babu."

"Leo wako wangapi chini? Nisomee."

Nikafungua daftari, nikamsomea majina kumi na moja, moja moja, na la mjomba wangu likiwamo. Aliposikia la mwisho akasema, "Basi," akarudi kwenye shoka lake.

Watu wa mikoa mingine labda hawatalipima jambo hili ipasavyo. Sisi wa huku tunayajua maduara. Mwaka 2015 kule Nyangalata, wilaya ya Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41, wakila mizizi na wadudu. Mwenzao mmoja alikwisha kufa humo. Mwaka 2017 huko huko Nyarugusu watu 15 walifukiwa, wakatolewa wote wakiwa hai baada ya siku chache. Agosti 2025 kule Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, walifukiwa watu 25, na waliotoka hai walikuwa wachache. Kila mmoja wa hao aliandikwa na mtu fulani katika daftari kama langu asubuhi aliposhuka.

Jumapili nilimwona yule mzee kanisani, kiti cha nyuma kabisa. Ulipofika wakati wa ushuhuda nilidhani atasimama, maana mimi katika nafasi yake ningesimama na kisa cha gogo ningekisema chote. Hakusimama. Alisinzia kidogo wakati wa mahubiri, nadhani kwa uchovu, akaamka kwa wimbo.

Usiku ule nilisoma waraka wa Paulo kwa Wakolosai, pale anaposema na watumwa. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi, hata nimeufundisha katika kikundi. Paulo anawaonya wasitumike vizuri wakati wa kutazamwa tu, kama watu wanaotaka kuwapendeza wanadamu. Wafanye kazi kwa moyo, kama wanaomfanyia Bwana. Zamani nilidhani maneno haya ni ya wavivu, wale wanaoshika fagio mwalimu akipita. Sikudhani kwamba yananihusu mimi niliyekuwa na bidii. Sasa niliona kwamba bidii yangu yote ilikuwa ya machoni. Kama njia ile ya kilometa 8 isingekuwa na mtu hata mmoja mwishoni, sijui kama ningeikimbia hata nusu.

Niliporudi shuleni nilimweleza mambo haya rafiki yangu wa kitanda cha juu, ambaye ni Mwislamu. Akaniambia kwamba kwao jambo hili lina jina. Kufanya ibada au wema ili watu wakuone huitwa ria, na amali ya mtu hupimwa kwa nia yake. Ndiyo sababu mtu anaweza kushinda na njaa mwezi mzima wa Ramadhani asipate lo lote ila njaa. Kisha akaniuliza, "Yule mdogo umemwomba radhi?" Nikasema bado. Akageuka akalala. Ndivyo alivyo.

Kumwomba radhi kulikuwa kugumu kuliko kilima cha korongo. Nilimtafuta siku tatu, na mara mbili nilimwona nikapita njia nyingine. Hatimaye nilimkuta penye bomba la maji akifua. Nikamweleza yote, hata kwamba nilisikia pumzi zake. Alisimama na shati mkononi, maji yakitiririka, akaniambia, "Kaka, mimi nilijua ni kosa langu. Nilimwambia mama kwamba mimi si mkimbiaji. Raba nimemwachia mdogo wangu nyumbani."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani nimelipotezea shule kombe. Kumbe nilikuwa nimempotezea mtoto wa watu kitu alichokuwa nacho, tena kwa kukosa kupunguza hatua kidogo tu kwa dakika kumi. Na hapa tena habari za Filbert Bayi zilinirudia, kwa maana nyingine. Siku ile ya Christchurch John Walker wa New Zealand, aliyefika wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, kwa sababu Bayi alimvuta. Kuongoza kwake kulimwinua aliyekuwa nyuma. Kwangu mimi aliyekuwa nyuma alitapika chini ya mgunga.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamweleza kwamba sikuyafuata maagizo yake. Alisema, "Nilikwisha ona." Nikamwuliza kwa nini hakuniadhibu. Akasema alikuwa akingoja. Raba zilipatikana, pea ya zamani ya kaka mmoja aliyekwisha maliza, kubwa kidogo, tukaweka kitambaa mbele. Kwa majuma mawili yule kijana alikuwa hataki. Aliposhawishika alikimbia nyuma kabisa, akiogopa. Tulizoea kwenda pamoja mpaka korongoni na kurudi tukizungumza, maana Mwalimu alituambia mtu asiyeweza kuzungumza anakimbia upesi mno.

Mashindano ya muhula huu mmeyaona wenyewe. Nilikwenda naye mpaka korongo, nikimwambia "bado, bado." Tulipotoka kwenye mchanga nikamwambia, "Sasa nenda." Akaenda. Alifika wa nne, mimi wa saba. Tulipungukiwa pointi 3 tu, na waliotushinda walitushinda kwa haki.

Nisije nikawadanganya. Aliponipita pale penye mawe moyo uliniuma, na uliuma mpaka mwisho wa mbio. Na asubuhi za mazoezi, tunapopita mbele ya nyumba za walimu, bado nageuza macho kuona kama dirisha la Mwalimu lina taa. Wakati mwingine nanyosha mgongo kabla sijajua kuwa nimeunyosha.

Mbio za wilaya ni mwezi ujao. Mazoezi ni saa 11:30 alfajiri langoni, kila siku isipokuwa Jumapili. Ye yote anakaribishwa, wa kidato cho chote, na mwenye raba au asiye nazo. Aje na maji yake ya kunywa.